Nyumba Yetu kwa Upande wa Kilima

Bunia, Ngezi
Jumanne

Kwa yaya wangu, kaka yangu mkubwa Michée,

Nakusalimu katika Bwana, na nakusalimu kwa niaba ya Mama ambaye yuko hapa nje anachagua maharagwe na hajui kwamba ninakuandikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kifua cha baridi ya ziwa kimekuachia, na nyavu hazirudi tupu. Sisi huku tunaendelea. Goti la Mama limepata nafuu tangu aache kwenda kanisani kwa miguu. Sasa Mama Priscille anampitia na pikipiki ya mwanawe, wanakaa wote wawili nyuma ya dereva kama wasichana wa sekondari, na mtaa mzima unatoka kuwacheka. Mvua imekuwa nyingi. Mimi pia ni mzima, wa mwili.

Kabla sijaendelea nakuomba kitu. Usisome barua hii kwa sauti. Najua desturi yako: barua ikifika unamsomea kila aliyekaa karibu, hata salamu za watu wa ukoo asiowajua. Kama Nicolas yuko hapo, ikunje sasa hivi, uiweke mfukoni, umwambie ni habari za goti la Mama. Uisomee mahali ambapo hakuoni. Nimempa mkononi Fanny, anayeshuka huko na gari la samaki, na nimemwonya asimwachie mtu mwingine yeyote. Na ninalolitaka ni hili, nalitaja mapema ili usilitafute: Jumamosi usipande na Nicolas kwenda kule kwetu kijijini. Soma mpaka mwisho, halafu uamue kama mdogo wako amerukwa na akili.

Kazi yangu katika karakana ya Mama Agathe unaijua, maana umeicheka vya kutosha. Ulisema mtu amesoma saikolojia miaka yote ile, kisha amerudi kucheza michezo ya watoto wa shule ya maternelle. Ni kweli, nacheza. Zile picha za vipande, ambazo shuleni kwa masista tuliziita puzzle, sasa zinatengenezwa hapa hapa mjini. Picha inabandikwa juu ya ubao wa triplex, Rémy anaikata kwa msumeno wake mwembamba, vipande vinatiwa katika sanduku, na mtoto anaviunganisha upya. Kuna shirika linalotaka kuwapelekea watoto wa wakimbizi walio kambini, nalo limetaka zote ziwe kazi ya mchoraji wa hapa, mambo ambayo watoto hao wanayajua: soko, mto, mitumbwi, nyumba ya kijijini. Mchoraji huyo ni Nicolas wetu, na ndiyo maana yuko huko kwako tangu mwezi uliopita, anachora mitumbwi. Mimi kazi yangu ni kuhukumu. Kila mfano mpya, kabla haujakatwa kwa wingi, nauunganisha mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho na kusema kama unafaa.

Watu wanadhani kuhukumu picha ya vipande ni kusema kama inapendeza. Kupendeza ni jambo la mwisho. Kwanza namwaga vipande mezani na kuvinusa. Vikinuka moshi, msumeno umeunguza ubao. Napitisha kidole pembeni kutafuta vibanzi vitakavyomchoma mtoto. Nakwaruza karatasi kwa ukucha nione kama gundi imeshika. Halafu naunganisha vipande vichache na kuviinua kwa pembe moja. Vikining'inia pamoja ni vizuri, vikidondoka Rémy ameacha nafasi kubwa. Lakini kosa baya kuliko yote ni kipande kinachoingia mahali pasipo pake. Kinaingia bila kulazimishwa, kinatulia, nawe unaendelea kujenga ukidhani uko sawa, mpaka mbele kabisa unakuta pengo ambalo hakuna kitu kinacholijaza. Kosa hilo halionekani kwa macho. Unaligundua umekwisha kuchelewa.

Mama Agathe husema nakagua vipande kama mama mkwe anayekagua kucha za bibi arusi. Rémy ananiita Madame Douane, yaani Bibi Forodha. "Hata Yesu akipita kwa meza yako," aliniambia siku moja, "utamwambia afungue muzigo." Wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini sipitishi kitu.

Wiki iliyopita Rémy aliniletea mfano wa picha ya Nyumbani. Ni ile ile iliyotundikwa sebuleni kwa Mama tangu Noeli. Unakumbuka jinsi ilivyopatikana. Nicolas alikuwa akija jioni, anakaa na Mama kwenye mkeka, anamwuliza na kumwuliza, naye Mama anamweleza nyumba yote: mlango, ua, mahali Baba alipokuwa akianika mahindi, mti uliokuwa ukichungulia dirishani kwako. Wewe ulimtania kwamba mtoto wa mjini kama yeye, asiyejua kutofautisha beberu na mbuzi jike, atachora nini. Akacheka, akasema ni kweli, mguu wake haujafika pande zetu za Djugu hata siku moja, yeye atachora kwa masikio. Siku aliyoileta Mama aliishika kwa mikono miwili na kusema nyumba imerudi. Tangu siku hiyo anamwita mwanangu, nawe unamwita mdogo wangu, na Jumapili sahani yake inatengwa hata kabla hajafika.

Sote tuliiangalia picha ile kama watu wanavyoangalia kitu kilichotundikwa ukutani. Tuliona nyumba, kijani, mawingu. Tukatosheka.

Picha ya vipande haikupi nafasi ya kutosheka hivyo. Inakupa kipande cha anga kisichokuwa na chochote, nawe unakitazama mpaka unaona kwamba hakikosi kitu, kina rangi tatu. Ukishahukumu picha kwa njia hiyo, umeijua kuliko mwenye kuitundika.

Nilianza na pembeni kama kawaida. Ukingo wa chini ulinisumbua. Vipande vyake vilikuwa majani matupu, marefu, ya kijani kinachoelekea kijivu, nikayatenga nikidhani ni nyasi za ua. Hayakuingia popote. Nikaja kuelewa kwamba ni majani ya mkaratusi, na kwamba ni makubwa kwa sababu yako karibu sana na jicho. Ukingo wa juu nao una majani hayo hayo, yananing'inia. Yaani mtu anayeitazama nyumba yetu katika picha hii hasimami barabarani, ambako Mama alimsimamisha kwa maneno. Yuko juu ya kile kilima cha nyuma, ndani ya mikaratusi, na ameinama. Anachungulia katikati ya majani.

Unakijua kilima kile. Hakuna mtu wa kwetu aliyepanda huko ila kukata kuni, na hakuna aliyekaa huko kuangalia nyumba. Unajua pia ni nani walioshuka kutoka huko.

Nilijiambia mchoraji ana haki ya kusimama anapotaka. Nikaendelea kujenga.

Siku iliyofuata nilifika kwenye jiko la nje. Nilishika kipande kidogo chenye mistari ya kahawia inayokatana, na katikati ya mistari hiyo weusi, na upande mmoja mkanda mwembamba wa kijivu. Paa la jiko lilipaswa kuwa la kijivu lote. Nikadhani mashine ya kuchapisha imeruka rangi, na sitakuficha, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata kosa. Nikamwita Rémy. Akasema Madame Douane amekamata tena sigara za magendo, lakini akaapa kwamba karatasi ilitoka safi. Mama Agathe akavaa miwani yake, akasema ni kivuli cha mti tu, na niache kumtafutia makosa mchoraji wake wakati wateja wanangoja.

Nilikifunga kile kipande katika leso nikaenda nacho nyumbani. Nikapanda juu ya kiti mbele ya picha ya Mama na kukishika pale pale mahali pake. Rangi ilifuata rangi, mstari ukafuata mstari. Mashine haikukosea. Nicolas ndiye aliyechora hivyo. Ukikaribia sana unaona wazi: jiko halina paa. Lina fito na boriti tupu, na safu moja tu ya mabati juu ya upande wa mafiga.

Mama alikuwa anapepeta mchele, akauliza kama natafuta mende. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, jiko lake alimwelezea Nicolas namna gani. Akaweka ungo chini. Akasema alimweleza kwamba liliezekwa mabati mapya, mazima, yale aliyoyapata ilipofika zamu yake ya kupokea fedha za likelemba na wanawake wa kanisa, na kwamba jua likiyapiga yalionekana tangu barabara kuu. Mama ukimgusia jiko lile, unajua, hanyamazi. Alieleza mpaka misumari. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikiwa bado juu ya kiti, nimekishika kile kipande.

Sasa nakuja kwenye ujinga wangu. Alhamisi iliyopita nilikupigia simu. Nicolas akapokea, akasema uko ziwani na simu umemwachia yeye kama kawaida. Ningeweza kuaga tu. Lakini nilijiona hodari. Nilimwambia nina swali la kazi: katika picha ya Nyumbani paa la jiko linaonyesha fito, je, ni yeye alichora hivyo au ni mashine? Nilitaka aseme lolote. Aseme alichanganya maneno ya Mama. Aseme siku ile alikuwa amechoka. Nyuma yake nilisikia wanawake wakibishana juu ya samaki, na injini ya mtumbwi ikikataa kuwaka, na yeye yuko hapo, anapumua. Kisha akaniuliza polepole:

"Nani mwingine ameiona?"

Nikasema mimi tu. Yaya, nilimwambia mimi tu. Hapo akacheka kidogo, akasema nina macho ya polisi, halafu akasema hapana, ni kosa la mashine, niwaambie wasikate mfano ule, yeye ataurekebisha.

Asubuhi yake alimpigia Mama Agathe na kumwomba asimamishe picha hiyo kabisa, vipande vya mfano vitupwe motoni, yeye atachora nyumba nyingine. Mama Agathe akanitupia jicho, akasema kwa ukali wangu nimemvunja moyo kijana wa watu. Na jioni hiyo hiyo ukanipigia wewe mwenyewe, una furaha. Ukasema safari ya kwenda kuona kaburi la Baba na kiwanja haingoji tena mwisho wa mvua. Nicolas amepata watu wanaomjua kule njiani, watawapitisha, mnapanda Jumamosi hii inayokuja, ninyi wawili tu. Nikasikia sauti yake nyuma yako ikiniambia nisiwe na wasiwasi, atakutunza kama ndugu yake wa tumbo moja. Simu yako haisikiki bila kuweka sauti nje; kila neno ninalokwambia analipata pamoja nawe. Ndiyo maana nilisema sawa. Ndiyo maana naandika.

Mtoto wa mjini, ambaye mguu wake haujafika Djugu, amepataje watu wanaomjua kule njiani? Wewe hukujiuliza. Na mimi nisingejiuliza, kama si ile picha.

Utasema, na una haki: fito chache kwenye ubao mdogo zina nini? Mchoraji amekosea paa, basi. Hapa ndipo nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu tangu tufiwe.

Baba alinipigia siku ile ya mwisho, alasiri. Sisi tulikuwa tumekwisha kushuka Bunia, majirani wote wameondoka, yeye amebaki kulinda mavuno. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu katika shamba la mihogo, pale rezo ya simu inapopatikana, na alikuwa anahema. Akaniambia ameshinda juu ya jiko la Mama, ameng'oa mabati na kuyazika, kama watu wengine walivyofanya kabla ya kukimbia, ili wezi wakija wasiyakute. Ameacha safu moja tu juu ya mafiga, apate kupika ugali bila kunyeshewa. "Jiko ya mama yako," akasema, "iko sasa kama muzee wa kipara amevaa kofia ndogo." Akacheka, nikacheka. Kisha akanikataza nisimwambie Mama. Alisema Mama atayalilia mabati yake kuliko atakavyomlilia mumewe, na kwamba atamwambia mwenyewe kwa mdomo wake akifika.

Alfajiri wale wenye silaha walishuka kutoka kilimani. Waliokwenda kumzika walikuta majivu, nyumba na jiko sawasawa, hakuna hata ufito mmoja uliosimama.

Nilishika neno la Baba. Sikumwambia Mama, wala wewe sikukwambia. Kila Mama anapoyasifia mabati yale namwacha ayasifie. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kumweleza Nicolas juu ya jiko lile lisilo na paa. Lilisimama hivyo tangu alasiri mpaka alfajiri, kisha likaungua. Baba aliliona, kwa sababu alilibomoa. Mimi nalijua kwa sikio. Na mwingine aliliona kwa macho yake, akiwa ndani ya mikaratusi, ameinama.

Sisemi Nicolas ndiye aliyemwua Baba. Usiku silali vizuri, na nimekuwa wakili wake kichwani mwangu. Labda walimkamata njiani wakambebesha mizigo, kama vijana wengi walivyobebeshwa. Labda alijificha pale akiwakimbia wao hao. Labda alimfuata Mama kwa sababu jambo lile halimwachi, akakaa kwenye mkeka wetu kila jioni akitafuta jinsi ya kulisema, akashindwa, na mkono wake ukakataa kuezeka paa ambalo macho yake hayakuliona. Kuna saa naiamini sana hiyo, mpaka namwonea huruma. Lakini mtu wa namna hiyo, nilipomwuliza, angelia, au angekata simu. Yeye aliuliza ni nani mwingine ameiona.

Sasa wewe unataka kupanda naye mahali ambapo hakuna rezo wala jirani, na watakaowapokea ni watu wake.

Nakujua, Michée. Najua ulichoapa siku ile tulipoletewa habari, na najua mkono wako. Usimguse. Usimwulize lolote. Usiwaambie vijana wa ufuoni, maana wakimshika wao hatutajua kamwe Baba alikufaje, na Mama atakupoteza na wewe kwa njia ya gereza. Ijumaa Fanny anarudi Bunia na gari la samaki. Panda naye. Mwambie Nicolas kwamba Mama ameanguka na anakuita. Ni uongo, nimeubeba mimi. Akitaka kukusindikiza, mwambie gari limejaa, mtakutana Jumamosi kama mlivyopanga. Ukifika tutakwenda sote wawili kwa pasta Ézéchiel, ambaye anajua ni nani kati ya watu wa sheria anayeweza kusikiliza jambo kama hili bila kuliacha liishie barabarani. Nicolas aulizwe huko, mbele ya watu, na ajibu. Akiwa hana hatia nitapiga magoti mbele yake, nawe utakuwa shahidi.

Vipande vya mfano havikutupwa motoni. Mama Agathe alinituma nivichome, nikachoma sanduku tupu. Vyenyewe viko katika mfuko wa nguo zangu za zamani. Picha yenyewe sikuitoa ukutani. Ningeitoa Mama angeuliza. Asubuhi hii nimemkuta anaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge, akaniambia kwamba akiitazama anasikia kama kuna mtu anailinda nyumba yake. Nilitoka nje haraka.

Ukimaliza kusoma, itie barua hii katika moto wa kukaushia samaki na ungoje mpaka iishe. Nawa uso. Kisha rudi ukakae naye kama kila siku, ule naye, umcheke kama ulivyozoea kumcheka. Akikuuliza Abigaël ameandika nini, mwambie habari za goti la Mama, na mwambie kwamba ile picha nimeiangalia tena vizuri, nimekubali, mashine ndiyo iliyokosea.

Wasalimie wenzako wa mtumbwini, na mama yule anayekupikia. Naye Nicolas msalimie kwa jina langu, asije akashangaa kwamba sikumtaja. Mungu akufunike mpaka Ijumaa. Nitakuwa pale magari ya samaki yanaposhusha, tangu asubuhi, hata kama mvua inanyesha.

Mdogo wako akupendaye,

Abigaël